Kuunganisha amplifaya ya pawa nyumbani: jua kwanza umeme mdogo unapita wapi na mkubwa unapita wapi

Mtu kanunua amplifaya ya pawa, iwe mpya ya dukani au mtumba wa Kijapani, kaifikisha sebuleni, kaigeuza nyuma, anakuta matundu ya aina nne tano na hakuna hata moja limeandikwa TV wala simu wala Bluetooth, akiangalia mbele hakuna hata cha kuongezea besi. Anaanza kubahatisha. Na kwenye kubahatisha ndio twita (vile vispika vidogo vya noti za juu) zinaungua, fyuzi zinakatika, na pengine amplifaya yenyewe inatoa moshi siku hiyohiyo iliyonunuliwa, kitu ambacho kinaniuma kila nikikisikia kwa sababu hela ya amplifaya nzuri mtu anaikusanya muda mrefu.

Kinachofanya mada hii ionekane ngumu ni wingi wa majina, ila ukiyaweka pembeni linabaki swali moja tu ambalo unatakiwa ulijibu kwa kila tundu na kila waya unaoshika: umeme unaopita hapa ni mdogo au ni mkubwa?

Umeme wa muziki ndani ya nyumba unatembea kwa ngazi tatu. Ngazi ya chini kabisa ni ule wa sindano ya santuri, huo ni mdogo mno, sindano ya kawaida ya sumaku inatoa kama milivolti 5 tu. Ngazi ya pili watu wanaiita laini, ndio unaotoka kwenye deki ya CD, king'amuzi, kompyuta, simu, hapa tunaongelea sehemu ya volti moja mpaka volti 2, na deki ya CD ikiwa kwenye kilele chake inatoa volti 2. Ngazi ya tatu ni ule unaokwenda kwenye spika, na hapa mambo yanabadilika kabisa maana amplifaya ikisukuma wati 100 kwenye spika ya omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani) kwenye ule waya kuna volti 28 na ampia 3 na nusu zinapita. Laini inabeba volti kidogo na ampia karibu na hamna, waya wa spika unabeba vyote viwili kwa wingi. Ndio maana waya wa laini ni mwembamba na umefunikwa na wavu wa shaba wa kuzuia makelele, wakati waya wa spika ni mnene na haujafunikwa na chochote zaidi ya plastiki.

Sasa amplifaya ya pawa kazi yake ni moja, inapokea umeme wa ngazi ya pili na kutoa wa ngazi ya tatu. Basi. Haichagui chanzo, haiongezi besi, haisomi sindano ya santuri. Chukua mfano wa Crown XLS 1002 ambayo watu wengi wanaipenda kwa sababu ni nyepesi, haifiki hata kilo 4, na inatoa wati 215 kila upande kwenye omu 8. Kwenye karatasi yake imeandikwa inahitaji volti 1.4 mlangoni ili itoe nguvu zote, yaani ukiipa volti 1.4 yenyewe inatoa volti kama 41 kule kwenye spika, imezidisha mara 30 hivi. Kila kinachoingia kinazidishwa mara 30, kiwe muziki, kiwe makelele ya waya mbovu, kiwe mlio wa meseji ya simu. Vile vinobu viwili vya mbele ni vya kupunguza kinachoingia, unaviweka mara moja unaviacha, sio vya kupandisha na kushusha kila wimbo.

Kwa hiyo mbele ya amplifaya ya pawa lazima kikae kitu chenye volyumu. Hicho ndio priamplifaya, na zile amplifaya za kawaida tulizozoea, zenye nobu ya volyumu na za kuchagua CD au redio, ndani yake zina vyote viwili, priamplifaya na pawa zimefungwa kwenye boksi moja. Kuna mashine moja inaonyesha hili vizuri sana, NAD 3020 iliyotoka mwaka 1978, nyuma yake kuna vichuma viwili vilivyopinda vimechomekwa kwenye matundu ya RCA, yale ya duara ya waya wa pini moja katikati, tundu moja ni la kutokea priamplifaya, yaani PRE OUT, na lingine ni la kuingilia pawa. Vile vichuma ndio daraja kati ya nusu mbili za mashine. Ukivichomoa, nusu ya priamplifaya inabaki peke yake na unaweza kutoa waya pale PRE OUT ukaupeleka kwenye amplifaya nyingine kubwa zaidi. Na ukikutana na mashine ya mtumba ya namna hii inawaka vizuri taa zote ila haitoi sauti hata kidogo, kabla hujampelekea fundi angalia kama vile vichuma vipo, mara nyingi vimepotea tu na waya mfupi wa RCA unamaliza tatizo.

Tuje kwenye hali ambayo wengi wanayo. Una risiva ya sinema ya nyumbani, inasukuma spika tano na sabufa, unataka zile spika mbili kubwa za mbele zipate nguvu ya kweli. Geuza risiva, tafuta palipoandikwa PRE OUT, kisha FRONT L na FRONT R. Kama vipo umebahatika, unachukua waya wa RCA wa kawaida, kutoka hapo mpaka mlango wa kuingilia wa amplifaya ya pawa, kushoto kwa kushoto na kulia kwa kulia, halafu waya za spika unazitoa kwenye risiva unazifunga kwenye amplifaya mpya. Unazitoa kabisa. Nasisitiza hapa kwa sababu kuna watu wanaacha waya za spika kwenye risiva na wanaongeza zingine kutoka kwenye amplifaya ya pawa wakidhani spika itapata nguvu za mashine mbili, hapana, hapo umeunganisha mashine mbili zisukumane zenyewe kwa zenyewe kupitia kwenye spika na moja itakufa, kama sio zote. Sabufa iache ilivyo, ina tundu lake. Ukimaliza rudia ule upimaji wa sauti wa risiva kwa kimaikrofoni chake, kwa sababu spika za mbele sasa zina nguvu tofauti na za katikati na nyuma, na risiva haijui hilo mpaka uipimishe upya. Vinobu vya amplifaya viweke pale utakapoviacha kabla ya kupima, ukivigusa baadae upimaji wote umeharibika.

Kuna matundu mengine yanafanana na PRE OUT ila sio. REC OUT au TAPE OUT yanatoa laini ambayo haifuati volyumu, ilikuwa ya kurekodia kaseti, ukichomeka amplifaya ya pawa hapo sauti inatoka yote na nobu haifanyi kitu. Hali ni hiyohiyo kwa deki ya CD iliyochomekwa moja kwa moja. Simu na TV kupitia tundu la hedifoni zinaweza kwenda moja kwa moja kwa sababu zina volyumu yake, ila hapo volyumu yote ya nyumba iko mikononi mwa atakayeshika rimoti, na mtoto akipandisha mpaka mwisho hamna kitu katikati cha kuzuia. Mimi kwa spika nzuri siwezi kukubali mpangilio huo, kipriamplifaya kidogo chenye nobu moja kinatosha kabisa kuleta usalama.

TV za sasa zina tatizo lake. Nyingi hazina RCA za kutoa sauti, zina waya wa mwanga na HDMI tu, na hiyo ni sauti ya kidijitali, amplifaya ya pawa haielewi. Unahitaji kiboksi cha kubadilisha kidijitali kuwa laini, wauzaji wanakiita DAC. Ukishakichomeka na ukakuta kimya, usikitupe, ingia kwenye mipangilio ya sauti ya TV utafute palipoandikwa PCM, yaani sauti ya kidijitali isiyofungwa kwa mfumo kama Dolby, maana TV ikiachwa kwenye Dolby viboksi vingi vya bei ndogo haviwezi kuisoma na havitoi chochote. Hili peke yake limewafanya watu wengi warudishe vitu vizima dukani.

Na kama risiva haina PRE OUT? Hapa ndio kosa kubwa kuliko yote linapofanyika. Mtu anachukua waya wa spika, anakata waya wa RCA, anaviunganisha, kile kinachotoka kwenye spika anakiingiza kwenye mlango wa laini. Yaani umeme wa ngazi ya tatu umeupeleka kwenye mlango wa ngazi ya pili, mlango unaotegemea volti moja na kidogo unapokea ishirini na kitu. Ukiwa na volyumu ya chini sana unaweza ukasikia muziki na ukadhani imefanikiwa, siku ukipandisha inakuwa basi. Kuna kifaa halali cha kazi hii, kinauzwa kwenye maduka ya redio za magari kwa sababu kwenye magari tatizo hili liko kila siku, kinaingiza waya za spika upande mmoja na kutoa RCA upande wa pili kwa volti zilizopunguzwa. Ila kuwa makini na amplifaya ndogo za kisasa zenye chipu kama TPA3116, hizo waya mweusi wa spika sio ethi, waya mwekundu na mweusi wote wawili vina umeme, na ukitumia kifaa cha bei rahisi kinachounganisha nyeusi za kushoto na kulia pamoja unaiua chipu papohapo. Tafuta chenye transfoma ndani.

Amplifaya za kumbini, zile za kufunga kwenye raki, nyingine hazina RCA kabisa, zina matundu ya XLR ya pini tatu. Usiogope, pini namba 2 ndio inabeba muziki, kwa hiyo pini ya katikati ya RCA inaenda namba 2, na ule wavu wa nje unaenda namba 1 na namba 3 ambazo zimeunganishwa pamoja. Waya uliotengenezwa hivyo unauzwa tayari, ila fundi yeyote anayejua kuchomea risasi anautengeneza kwa dakika chache.

Upande wa spika sasa, na hapa nitakaa kidogo.

Waya kwanza. Watu wanabishana sana kuhusu waya wa bei kubwa ila hesabu yenyewe ni nyepesi, waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba, ule wanaouza maduka ya vifaa vya umeme kwa ajili ya taa, una ukinzani wa omu 0.0115 kwa kila mita. Spika ikiwa mita 10 mbali umeme unakwenda na kurudi, mita 20, hiyo ni omu 0.23. Kwa spika ya omu 8 hilo halisumbui. Kwa spika ya omu 4 panda mpaka milimita 2.5 na mjadala umeisha. Kinachosumbua kweli ni waya unaoonekana mnene na mzuri kumbe ndani ni alumini iliyopakwa shaba juu, huo ukinzani wake uko juu zaidi na pia unakatika hovyo ukiukunja, kwangua ncha kwa kisu ukiona rangi nyeupe chini ya ile nyekundu ujue ndio huo. Na ukimenya ncha ya waya hakikisha hakuna hata unywele mmoja wa shaba umetoka nje ukagusa upande wa pili, unywele mmoja kati ya nyekundu na nyeusi unatosha kuipeleka amplifaya kwa fundi.

Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, pande zote mbili. Ukigeuza spika moja hakuna kitakachoungua, ila besi inapotea na sauti ya mwimbaji inakosa mahali pa kukaa, kwa sababu wakati wufa moja, ile spika kubwa ya besi, inasukuma hewa mbele nyingine inaivuta nyuma. Wapo waliobadilisha spika kabisa kwa tatizo hili. Kama waya hauna alama chukua betri ya redio ya volti 1.5, gusa ncha mbili za waya kwa sekunde moja tu, wufa ikiruka mbele basi ncha iliyogusa chanya ya betri ndio nyekundu.

Omu ndio zinachanganya zaidi, kwa sababu namba ndogo ndio mzigo mkubwa. Spika ya omu 4 inavuta ampia mara mbili ya spika ya omu 8 kwa volti zilezile. Ukifunga spika mbili za omu 8 kwenye tundu moja, nyekundu zote pamoja na nyeusi zote pamoja, amplifaya inaona omu 4. Ukizifunga nne inaona omu 2, na amplifaya nyingi za nyumbani haziruhusiwi kufika huko, zitachemka na zitajizima zikiwa na bahati. Nyuma ya mashine kumeandikwa kiwango cha chini, kiheshimu. Na ukipima spika kwa mita ya fundi usishtuke ikisoma 6 wakati imeandikwa 8, mita inapima ukinzani wa koili tu, ile 8 ni makadirio ya inavyokuwa muziki ukipita, na hata wakati wa muziki inapanda na kushuka kutegemea noti.

Baada ya omu ndio mtu anaweza kuelewa ile swichi ya BRIDGE. Watu wanaiona kama zawadi, wati zinaruka kutoka 215 mpaka 1100 kwa ile Crown, ila 1100 hizo ni kwenye omu 4 na kwa spika moja, sio mbili. Kinachofanyika ni kwamba chaneli mbili, yaani pande mbili za amplifaya, zinashika spika moja, moja inasukuma nyingine inavuta, kama watu wawili kwenye msumeno wa kupasulia mbao, na kwa hiyo volti kwenye spika zinakuwa mara mbili. Ila kila chaneli inaona nusu ya spika, spika ya omu 8 kwake ni omu 4, ya omu 4 kwake ni 2. Waya wa spika kwenye hali hiyo unafungwa kwenye nyekundu mbili, nyeusi zinaachwa, na hakuna ncha hata moja ambayo ni ethi. Kwa sebule ya kawaida yenye spika mbili mimi sioni sababu ya kuigusa hiyo swichi, utahitaji amplifaya mbili na faida yake utaisikia mara chache sana.

Hili la wati linahitaji kusemwa wazi kwa sababu masoko yetu yamejaa maboksi yaliyoandikwa PMPO elfu na elfu, na namba hiyo haipimwi kwa kanuni yoyote, kila mtengenezaji anaandika anachotaka. Geuza mashine nyuma usome inakula wati ngapi kutoka ukutani, kama inakula 80 haiwezi kutoa 1000 kwa muda wa wimbo hata ufanye nini, nguvu haitoki hewani. Namba ya kuangalia ni RMS, yaani wati ambazo mashine inazitoa mfululizo. Halafu jua kwamba kuzidisha wati mara mbili kunaongeza desibeli 3 tu, tofauti unayoisikia ila sio kubwa, sikio linahitaji kama desibeli 10 ndio liseme sauti imekuwa mara mbili, na desibeli 10 ni wati mara kumi. Spika inayotoa desibeli 87 kwa wati 1 ukiwa mita 1 itatoa 97 kwa wati 10 na 107 kwa wati 100. Kwa hiyo kutoka amplifaya ya wati 50 kwenda ya 70 usitegemee maajabu, hela hiyo heri uiweke kwenye spika.

Faida ya wati za akiba iko kwenye jambo lingine. Amplifaya ndogo ikisukumwa kupita uwezo inafika mwisho wa volti zake na kuanza kukata vichwa vya mawimbi, ule mlio wa kukwaruza unaousikia kwenye sherehe saa sita usiku. Wimbi lililokatwa kichwa mpaka likawa mraba linabeba nguvu mara mbili ya wimbi safi la kimo hichohicho, yaani mashine ya wati 50 inaweza ikawa inatoa karibu 100, na zaidi ya hapo besi imeshafika ukutani wakati noti za juu zinaendelea kuongezeka kila ukipandisha, zote zinakwenda kwenye twita ambayo koili yake ni nyembamba kabisa. Twita inaungua. Ndio maana amplifaya yenye wati zaidi kidogo ya spika, mikononi mwa mtu anayesikia kukwaruza na kushusha, ni salama kuliko ndogo inayokimbizwa mwisho wake muda wote.

Umeme wa ukutani. TANESCO wanatupa volti 230 kwa mawimbi 50 kila sekunde. Amplifaya za mtumba kutoka Japani ni za volti 100, na ukichomeka moja kwa moja umeipa mara mbili na zaidi ya inachokula, hamna muda wa kuchomoa. Nyingine zina kichaguzi cha volti nyuma, nyingi zilizotengenezwa kwa soko la kwao hazina, hapo ni transfoma ya kushusha, na isiwe ile ndogo ya chaja, chukua yenye uwezo mara mbili ya kile amplifaya inachokula. Angalia pia inatoa ngapi, transfoma nyingi za madukani zinatoa 110, hiyo imeshazidi kwa asilimia 10, na siku umeme wa mtaa ukipanda mpaka 250 yenyewe itatoa karibu 120. Tafuta inayotoa 100 kweli. Za Marekani ni 120 kwa mawimbi 60, na zile ambazo kibandiko chao kinasema 60 peke yake transfoma yao ya ndani itachemka zaidi kwenye 50 hata ukishusha volti sawasawa, za Japani hili halizisumbui sana kwa sababu nchi yao yenyewe ina 50 upande mmoja na 60 upande mwingine hivyo wanatengeneza kwa zote mbili.

Ule mvumo wa mmmm unaotokea baada ya kuunganisha unatokana na ethi kukutana kwa njia mbili. Amplifaya ina plagi ya pini tatu, imeshika ethi ya nyumba, na king'amuzi kimeshika ethi nyingine kupitia waya wa dishi kule juu ya bati, kati ya ethi hizo mbili kuna tofauti ndogo ya volti na inapita kwenye waya wako wa RCA, halafu kumbuka kila kinachoingia kinazidishwa mara 30. Kumtafuta mchawi ni kazi ya dakika tano, zima amplifaya, chomoa RCA, washa, mvumo ukiisha ujue amplifaya haina kosa. Rudisha, halafu chomoa vyanzo kimojakimoja, na waya wa dishi uuchomoe pia, mara nyingi ndio wenyewe. Ukishampata chomeka vyote kwenye ekstensheni moja, ikishindikana weka kile kitransfoma kidogo cha kutenganisha laini kwenye RCA au kwenye waya wa dishi. Usikate pini ya ethi kwenye plagi. Mvumo utaisha kweli, lakini siku waya wa ndani ukigusa bodi ile bati ya juu itakuwa na volti 230 na mtoto ndio atakayeigusa. Hakuna muziki wa thamani hiyo.

Na nimesema zima amplifaya kabla ya kuchomoa RCA kwa sababu pini ya katikati ya RCA inagusa kabla ya ule mdomo wa nje na inaachia baada yake, kwa muda mfupi mlango uko wazi na unatoka mshindo mkubwa kwenye spika. Vivyo hivyo wakati wa kuwasha, vyanzo na priamplifaya vinawashwa kwanza, amplifaya ya pawa inakuwa ya mwisho baada ya sekunde chache, na wakati wa kuzima ndio ya kwanza, kwa sababu vifaa vya mbele vikiwaka vinatoa kimshindo ambacho usingependa kizidishwe. Mara ya kwanza volyumu iwe chini kabisa, panda polepole, sikiliza kila upande peke yake, na baada ya nusu saa weka mkono juu ya mashine, vuguvugu ni sawa, ukishindwa kuacha mkono pale ujue haipati hewa au mzigo wa omu ni mkubwa. Iache wazi juu, isifunikwe na kitambaa wala isiwekwe king'amuzi mgongoni.

Umeme wa mtaa ukikatika katikati ya muziki utaratibu wote huo unavunjika, kwa sababu ukirudi unarudi kwa kila kitu kwa wakati mmoja, na mara nyingine unarudi na kuyumba mara mbili tatu kabla haujatulia, wakati swichi ya amplifaya bado iko ON. Kwa hiyo giza likiingia jambo la kwanza kabla ya kutafuta tochi ni kuizima amplifaya kwenye swichi yake, umeme ukisharudi na ukakaa dakika chache bila kuyumba ndio unawasha tena kwa mpangilio uleule.